Kuta Mbili za Mfuo

Santuri ya baa huchakaa mahali tofauti na santuri ya nyumbani. Ile ya baa imepigwa usiku baada ya usiku kwa sindano nzito isiyobadilishwa, na mwanzo wa wimbo ndio ulioumia zaidi, maana hapo ndipo sindano ilipotua kwa kishindo. Kama ni benga au rumba ndefu iliyokatwa vipande viwili, si ajabu upande wa pili ukawa umelika kuliko wa kwanza: huko ndiko magitaa yalikoachiwa na watu wakainuka kucheza. Ya nyumbani ina majeraha ya mkono. Kuna mtoto aliyeivuta sindano, kuna mjomba aliyetaka kurudia ubeti mmoja mara kumi, kuna chai iliyomwagika. Anayetafuta muziki wa zamani jijini Nairobi husoma alama hizi kabla ya kuwasha mashine yoyote, kwa sababu mara nyingi mbele yake zipo nakala mbili au tatu za wimbo uleule, zote mbovu, naye inambidi ajue ipi imeharibika wapi.

Kwa nini asiende kwenye kanda mama, ile ya studio, akaachana na sahani zilizochoka? Kwa sababu kanda mama nyingi hazipatikani. Tangu miaka ya 1950 hadi ya 1980 Nairobi ilikuwa karakana ya santuri ya Afrika Mashariki nzima. Viwanda vya kugandamiza sahani vilikuwa hapa, na bendi za Tanzania, nchi isiyokuwa na kiwanda kama hicho, ziliwauzia mashabiki wao sahani zilizotoka Nairobi. Charles Worrod alikuwa na Equator Sound Studios, kampuni iliyorekodi Fadhili William na wenzake. David Amunga alifungua Mwangaza, na nyuma yake Waafrika wengine wakaanzisha lebo ndogondogo kuzunguka River Road, baadhi zikiwa hazizidi duka moja, muhuri mmoja na jina. Kisha kaseti za kunakili zikaja, soko la sahani likafa, kampuni kubwa zikafunga au zikauzwa. Kanda mama zilikwenda walikokwenda wenyewe, na zisizo na mwenyewe zilikwenda kokote. Kampuni ya Soundway ya Uingereza ilipotoa mkusanyiko wa Kenya Special mwaka 2013, sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kutafuta sahani za 45 zilizo na hali nzuri. Kwa nyimbo nyingi za River Road, sahani ile ndogo yenye tundu kubwa katikati ndiyo kanda mama.

Basi uchimbaji unaanzia sokoni. Duka la Melodica, barabara ya Tom Mboya, limekuwa likiuza muziki tangu miaka ya 1970 na lilibaki na sahani wakati wengine walishazitupa. Upande wa magharibi, Kenyatta Market, katikati ya moshi wa nyama choma na wasusi wanaokuvuta mkono, Jimmy Rugami, ambaye wapenzi wa santuri humwita Real Vinyl Guru, ana kibanda kilichojaa sahani na mashine za kuzipigia. Na kila jumba la zamani la Kileleshwa au Lavington linapobomolewa kupisha magorofa, kuna stoo inayofunguliwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Kilichomo stoo hiyo hutegemea nani amefika kwanza, mpenzi wa muziki au mkokoteni wa taka.

Sahani ikipatikana, huoshwa. Hili linaonekana jambo dogo na ndilo linaloharibu sahani nyingi kuliko moto. Udongo mwekundu wa Lavington, na ule mweusi wa Embakasi, ni chembe za mawe. Sindano ikipita juu yake, huzisaga ndani ya sauti. Maji ya bomba hayafai, kwa kuwa yakikauka huacha chumvi zake kwenye mifuo. Yanayotakiwa ni maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwenye vituo vya petroli kwa ajili ya betri za magari, pamoja na tone la sabuni laini na brashi ya nyuzi nyororo. Vainili ya miaka ya 1970 huvumilia hata spiriti kidogo. Lakini ole wako ukiipaka spiriti sahani nzito ya 78 ya enzi za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa na His Master's Voice. Sahani hizo zilitengenezwa kwa sheleki, utomvu wa wadudu wa Bara Hindi, uliochanganywa na unga wa mawe. Spiriti huuyeyusha utomvu huo. Unafuta vumbi, na wimbo unafutika nalo. Unga wa mawe, kwa upande wake, ulitiwa makusudi ili uichonge sindano ya chuma ipate umbo la mfuo, na ndio unaoleta ule mchakacho wa kukaanga ambao watu hudhani ni uzee. Sahani mpya ya sheleki ililia hivyo hivyo siku ilipotoka dukani.

Sasa tuingie ndani ya mfuo wenyewe, maana humo ndimo mlimo na matumaini.

Ukikata sahani ya santuri na kuitazama kwa hadubini, mfuo una umbo la herufi V. Sindano haifiki chini. Hukaa katikati ikiegemea kuta mbili, na mawimbi yaliyochongwa kwenye kuta hizo huitikisa. Kwenye sahani za mono, ambazo ndizo karibu zote za miaka ya 1950 na 1960 na nyingi za baadaye, kuta zote mbili zinasema jambo moja. Kwa hiyo kila sahani ya mono ina nakala mbili za wimbo, zinazotazamana, zikiwa zimetenganishwa na nafasi isiyozidi unene wa unywele. Mkwaruzo ulioupiga ukuta wa kushoto si lazima uwe umegusa wa kulia. Fundi anayejua kazi huipiga sahani hiyo ya mono kwa kichwa cha stereo, akarekodi kila ukuta peke yake, kisha akaiachia programu ichague, kwa kila sehemu ndogo ya sekunde, ukuta upi ni msafi zaidi. Mlio wa mkwaruzo hupotea bila chochote kufutwa. Kilichotokea ni kwamba shahidi mmoja alipokohoa, mwenzake aliachiwa aendelee.

Jambo la pili ni kina. Sindano ya kawaida ya sahani za mono ina ncha ya takribani mikroni 25, yaani sehemu 25 kati ya elfu za milimita moja. Ya stereo ni kama 18. Ya zile sahani nzito za 78 ni kati ya 65 na 75. Sindano ya baa, nene au nyembamba, ilitembea katika kina kilekile miaka nenda miaka rudi na kuulima ukuta hapo tu. Ni kama barabara ya murram ambayo malori yamechimba njia za matairi yao, huku baiskeli bado zinapata ukingo mzuri wa kupita. Ukichukua sindano nene kidogo, inakaa juu ya palipolika. Nyembamba inashuka chini yake. Studio zinazoshughulika na sahani za zamani huwa na kisanduku cha sindano za ncha mbalimbali, na fundi huipiga sekunde thelathini za kwanza kwa hii, kisha kwa ile, akisikiliza, kabla ya kuamua. Nimesikia tofauti ya sindano mbili kwenye sahani moja ya benga na singeamini kama nisingekuwa nikiitazama sahani yenyewe ikizunguka: katika ya kwanza besi ilikuwa ukungu, katika ya pili ukasikia vidole.

Ukiwa na nakala tatu, moja ya baa, moja ya nyumbani na moja ya maboksi ya Tom Mboya, una kuta sita. Kompyuta inaweza kuzipanga nakala hizo zikaenda pamoja hatua kwa hatua, mradi zote zilitoka kwenye bamba moja la chuma kiwandani. Wimbo ni mmoja kwenye zote tatu, lakini kelele ni za kila sahani na maisha yake. Kinachofanana ni muziki. Kisichofanana ni historia ya mmiliki. Hakuna hila yoyote ya kusafisha sauti inayoshinda hii, na haihitaji maabara ya Ulaya. Inahitaji mtu aliyekubali kununua sahani mbovu ya tatu wakati tayari anazo mbili.

Wengi watauliza: kwani redio haikuhifadhi? Broadcasting House iko palepale barabara ya Harry Thuku, jirani na Chuo Kikuu. Utangazaji ulianza Nairobi mwaka 1928, ukaja kuwa Sauti ya Kenya baada ya uhuru, kisha KBC mwaka 1989. Kuna kanda nyingi za thamani zilizotoka katika mfumo huo. Lakini redio ya serikali huhifadhi kilichoruhusiwa kupita langoni. Joseph Kamaru alipoimba kuhusu mauaji ya mwanasiasa J.M. Kariuki mwaka 1975, wimbo ulipigwa marufuku redioni. D.O. Misiani wa Shirati Jazz aliingia matatani na wakubwa zaidi ya mara moja kwa mafumbo yake ya Kijaluo. Nyimbo kama hizo ziliishi kwenye sahani za watu binafsi, zikipigwa kwa sauti ya chini au ya juu kulingana na nani amekaa meza ya jirani. Ndiyo sababu simkubalii anayesema kwamba maktaba ya redio ikiwekwa kwenye dijitali kazi imekwisha. Itakuwa imekwisha nusu ya kazi, nusu iliyokuwa na kibali.

Kanda nazo zina magonjwa yake, na kosa la kwanza ni kuzitibu zote kwa dawa moja. Shika gurudumu la kanda ulielekeze kwenye mwanga wa dirisha. Mwanga ukipenya, kanda ni ya asetati, ya zamani zaidi. Usipopenya, ni poliesta. Asetati ikioza hunuka siki, hujikunja na kukatika kwa mvuto mdogo tu, na harufu hiyo huiambukiza iliyo rafu ya pili. Poliesta ni imara, lakini gundi iliyotumika kwenye kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 hunyonya unyevu wa hewa ikawa ute unaonata. Ukiipiga hivyo hivyo, inapiga kelele kama ya breki na kuacha sauti yake ikiwa matope ya kahawia kwenye kichwa cha mashine. Tiba yake ni kuoka: joto la nyuzi 50 hadi 55, saa nyingi, katika chombo kinachodhibiti joto kwa uhakika, wala si oveni ya jikoni. Baada ya hapo kanda inapata wiki chache za afya, na katika wiki hizo ndimo inamolazimu inakiliwe. Ukiioka ya asetati umeiua.

Na mashine? Shirika la kimataifa la maktaba za sauti, IASA, likishirikiana na UNESCO, lilipiga mbiu mwaka 2019 kwamba mwaka 2025 au karibu yake ndio ungekuwa mwisho wa uwezekano wa kunakili kanda kwa mpangilio wa kawaida, kwa sababu mashine na vipuri vimeacha kutengenezwa. Mwaka huo umeshapita. Kinachoendelea sasa kinaendeshwa na mafundi wanaokula mashine moja ili nyingine iishi, ujuzi ambao Nairobi, kusema kweli, haijawahi kukosa.

Kisha kuna suala la kasi, ambalo wasikilizaji hulidharau. Kanda au sahani ikizungushwa haraka kuliko ilivyorekodiwa, mwimbaji anakuwa kijana na gitaa linapanda. Utajuaje kasi ya kweli, ikiwa waliokuwa studioni wamezikwa? Mara nyingine umeme unakuambia. Umeme wa Kenya hupishana mara 50 kwa sekunde, na amplifaya iliyounganishwa vibaya huacha mvumo mdogo wa hezi 50 chini ya wimbo. Ukiupima mvumo huo kwenye kompyuta ukaukuta kwenye 52, umeipiga kanda kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 4. Kasoro ya fundi wa mitambo wa mwaka 1965 imegeuka kipimo. Ni sharti tu uhakikishe kwamba mvumo ni wa siku ile ya kurekodi, usiwe wa mashine yako mwenyewe.

Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi na mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya ILAM huko Afrika Kusini, hakuwa na umeme wa gridi vijijini. Alitembea na jenereta, na alibeba uma za chuma za kupimia sauti, akipima ala za wanamuziki papo hapo. Namba alizoandika zinaweza leo kusahihisha kasi ya alichonasa. Mwaka 1950 alikuwa Kapkatet, kwa Wakipsigis, alikorekodi wasichana wakiimba Chemirocha, wimbo uliozaliwa na jina la mwanamuziki wa Marekani Jimmie Rodgers, ambaye santuri zake zilifika kule kabla ya Tracey. Mwaka 2015 ILAM, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi na mradi wa Singing Wells, waliirudisha sauti hiyo Kapkatet. Tabu Osusa wa Ketebul amekuwa akifanya kazi ya namna hii kwa muda mrefu, na mfululizo wake wa Retracing, ulioanza na benga mwaka 2008, ni mahali pazuri pa kuanzia kwa anayetaka kusikia zaidi ya kusoma.

Uma wa kupimia sauti umeokoa hata mojawapo ya rekodi za kale kuliko zote. Mfaransa Édouard-Léon Scott de Martinville alichora wimbi la sauti ya mtu akiimba kwenye karatasi yenye masizi, tarehe 9 Aprili 1860, bila njia yoyote ya kulisikiliza. Mwaka 2008 watafiti walilipiga picha na kompyuta ikalifanya sauti. Dunia ikasikia msichana. Mwaka uliofuata wakabaini kwamba mchoro wa uma uliokuwa kando ya wimbo walikuwa wameusoma vibaya, na kasi ilikuwa mara mbili ya halisi. Aliyekuwa akiimba ni mwanamume, inaelekea Scott mwenyewe, polepole na kwa uangalifu.

Njia hiyo ya kusoma sauti kwa macho imekua. Carl Haber na Vitaliy Fadeyev wa maabara ya Lawrence Berkeley, California, walitengeneza mtambo wa IRENE, unaopiga picha mifuo bila kuigusa, na kwa silinda za nta hupima kina chake sehemu kwa sehemu. Unafaa kwa sahani iliyovunjika vipande, kwa nta iliyoota ukungu, kwa chochote ambacho sindano ingekimaliza. Silinda kama zile ambazo Karl Weule alirekodi kusini mwa Tanzania ya leo mwaka 1906 na kuzipeleka Ujerumani ni za aina hiyo ya udhaifu. Kwa sahani za River Road, hata hivyo, mtambo huo ni anasa. Sahani ya vainili inaweza kupigwa, na sindano nzuri bado inasikia kuliko kamera.

Hatimaye faili liko kwenye kompyuta, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Kanuni ya wahifadhi ni kunakili kwa kilohezi 96 na biti 24, ghafi, na kulifungia faili hilo lisiguswe na yeyote. Usafi wowote ufanywe kwenye nakala. Programu ya kuondoa milio ya mikwaruzo hutafuta mshindo mfupi mkali na kuuziba. Ukiipa gitaa kavu la magharibi mwa Kenya, mtindo wa omutibo ambao George Mukabi aliufanya maarufu, itakutana na chupa ya Fanta inayogongwa kwa msumari au kijiti. Kwa programu, chupa ni mkwaruzo. Itaifuta. Ile ya kupunguza mchakacho wa nyuma itafanya hivyohivyo kwa kayamba, kwa sababu kayamba, kihesabu, ni kelele tupu. Nimesikia matoleo yaliyosafishwa ambamo mchezaji amebaki bila miguu.

Mashine zinazojifunza zimeongeza nguvu na hatari kwa pamoja. Mwaka 2023 wimbo wa mwisho wa Beatles, Now and Then, ulitoka baada ya kompyuta kuitenga sauti ya John Lennon na piano kwenye kaseti ya nyumbani. Vijana wanaotengeneza muziki wa kielektroniki kule Westlands wanazo zana za namna hiyo kwenye kompyuta zao za mkononi, na sina ugomvi nao wanapomtoa mwimbaji ili wamwekee mdundo mpya. Ugomvi wangu ni na anayefanya hivyo kisha akaliita toleo lake asili. Mashine iliyofunzwa kwa muziki wa Ulaya na Marekani ikikuta pengo kwenye gitaa la benga, hulijaza kwa inachokijua, na inachokijua si Siaya.

Mfano ninaoupenda uko ndani ya familia. Kamaru alifariki Oktoba 2018. Mjukuu wake, anayeitwa Joseph Kamaru vilevile na anayetoa muziki wake kwa jina la KMRU, ni msanii wa sauti anayejulikana Ulaya kwa kazi tulivu zilizojengwa kwa mivumo na kelele za mazingira. Ndiye aliyechukua jukumu la kuzitoa upya nyimbo za babu yake kwenye intaneti. Mtu ambaye riziki yake ni kuisikiliza kelele kama muziki hana haraka ya kuifuta.

Limebaki suala la nani mwenye haki, na kwa Kenya jibu lina sehemu mbili. Sheria inalinda rekodi yenyewe kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, na utungo kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Rekodi ya mwaka 1975 imeachiwa huru tangu mwisho wa 2025. Utungo wa Kamaru utabaki mali ya warithi wake hadi mwisho wa 2068. Ndiyo maana, pamoja na sauti, fundi mwangalifu hupiga picha lebo za pande zote mbili, jina la mtunzi lililo kwenye mabano chini ya jina la wimbo likisomeka, kisha huigeuzageuza sahani chini ya taa na kunakili namba zilizochorwa kwa mkono kwenye ukanda mtupu kati ya mwisho wa mifuo na lebo. Namba hizo hutofautisha bamba na bamba. Zikilingana kwenye nakala ya baa na nakala ya nyumbani, kuta zao zinaweza kuunganishwa. Zisipolingana, sahani hizo hazikutoka kwenye bamba moja, na utafutaji wa sahani nyingine unaanza upya Tom Mboya.